Batri Chini ya Magunia

Batri iliyofaa ilikuwa jikoni, nyuma ya masufuria, imefunikwa na magunia matupu ya unga wa foufou. Batri isiyofaa ilikuwa ndani ya mashua, imefungwa mikanda, imepakwa mafuta kwenye vichwa vyake, na juu ya sanduku lake ameketi baba mkwe akiimba wimbo wa kanisa. Na Théogène, mwenye jiko, mwenye mashua na mwenye taabu yote, alisimama ukingoni mwa ziwa pale Shasha akisaga meno. Mtu akikuambia kwamba heshima haigharimu kitu, mlete Shasha tumwonyeshe ponto, gati letu la miti na mbao.

Lakini tuanzie mbali kidogo, maana hasira isiyojulikana ilikotoka watu huiita wazimu.

Théogène ni mtoto wa milimani, Masisi juu, upande wa Rubaya, kwenye watu wa maharagi na ng'ombe. Baba yake alipofariki, kila mtoto alipata kipande chake cha shamba. Wengine walilima. Yeye aliuza. Akanunua mashua ya chuma ambayo wageni fulani waliitumia kupima maji ya ziwa, nao walipofunga mizigo yao wakaiacha. Kaka zake walicheka mpaka wakashika mbavu: mtu wa ng'ombe anakwenda kuchunga samaki! Aliwaacha wacheke. Aliona kitu ambacho wao huko juu hawakukiona, kwamba barabara ya Sake na Minova ikiharibika, na huharibika kila mara, kwa matope ao kwa watu wenye bunduki, njia ya kwenda Goma inabaki moja tu, nayo ni maji.

Mashua ile ilikuwa na kitu cha ajabu. Mbele, chini ya maji, bomba lilipita kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na ndani ya bomba kulikuwa na pangaboi dogo la kuzungushwa na umeme. Ukibonyeza kitufe cha kushoto, pua ya mashua inasukumwa kushoto. Ukibonyeza cha kulia, inakwenda kulia. Watu wa Shasha waliliita moteri ya pua. Usidhani ni urembo. Mashua yenyewe iko juu mbele, nyepesi, na upepo wa alasiri unaipiga kofi pale puani kama unaidai kitu. Usukani unashika mkia tu. Bila moteri ya pua, mbele inakwenda inakotaka, na inakotaka sikuzote ni kwenye ponto.

Ponto ile si ya serikali. Akina mama wanaouza foufou, ndizi na samaki waliijenga wenyewe, mti kwa mti, ubao kwa ubao, wakisimama ndani ya maji na vitenge vimefungwa kiunoni. Mkubwa wao ni Mama Adelaïde. Huyo mama hapandishi sauti. Wale wasiopandisha sauti ndio wa kuogopwa.

Mara ya kwanza Théogène alipoigonga ponto, batri ya wale wageni ilikuwa imekufa, naye akaona akili yake inatosha. Akachukua waya mwembamba, mrefu, akauvuta kutoka batri ya injini kubwa kule nyuma mpaka mbele. Aa! Waya ulipata moto hadi ukanuka, pua haikusogea, na injini yenyewe ikakataa kuwaka. Mti mmoja wa ponto ukavunjika. Mara ya pili alinunua batri iliyotumika, kule Goma, kwa mtu aliyeipaka rangi ikang'aa kama kiatu cha harusi. Mti mwingine. Siku hiyo Mama Adelaïde alikuja hadi kwenye mashua, akaweka mkono kwenye chuma, akasema kwa upole kabisa:

"Mara ya tatu, bato yako itatafuta kwingine kwa kutua. Hapa itakuwa imeisha."

Hakuna kwingine. Kwingine ni mawe na matope, na mama aliyebeba gunia hatakubali kuingia majini hadi kiunoni wakati mitumbwi ipo. Bila ponto hakuna mzigo, bila mzigo hakuna mashua, na shamba la baba limekwisha kuuzwa. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na Théogène aliyajua hata akiwa usingizini.

Basi akaamua kujifunza. Akalala kifudifudi mbele ya moteri, tochi mdomoni, akasoma kibao chake neno kwa neno. Akaenda Goma akauliza huku, akauliza kule, akadanganywa, akarudi, akauliza tena. Kwa wenye maduka, jibu lilikuwa lile lile: chukua nzito, chukua kubwa, papa, nzito njo ya muzuri. Mwisho akaelewa mwenyewe. Moteri ya pua haiombi kidogo kidogo siku nzima. Inaomba nyingi, kwa mara moja, kwa muda wa kuhesabu vidole vya mkono, halafu inapumzika. Batri inayojua kutoa hivyo ni ile ya kuwashia malori makubwa, yenye vibao vyembamba vingi ndani, iliyozibwa isimwage kitu mashua ikiyumba. Na ikae mbele, karibu na moteri, kwa waya mnene na mfupi. Akainunua. Akaipandisha kwenye pikipiki, akaikumbatia kwa magoti njia nzima. Tangu azike baba yake hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile.

Alipofika nyumbani, mbele ya nyumba kulikuwa na pikipiki nyingine, imejaa matope hadi kwenye mikono, na kando yake baba mkwe wake anakunywa chai.

Mzee Symphorien ni mtu wa Pinga, Walikale ndani kabisa. Ujana wake ulikuwa wa kuwinda, uzee wake ni wa kulima mihogo na kuongoza sala katika kanisa dogo la kijiji. Binti yake Solange alikuwa amemwambia kwa simu kwamba mashua ya mume wake inakosa batri. Alisema tu kama mtu anavyolalamika mvua. Mzee hakuuliza zaidi. Aliingia ndani, akafungua batri yake ya sola, ile kubwa, iliyowasha nyumba yake na kila Jumapili ikapelekwa kuwasha taa na kipaza sauti cha kanisa, akaifunga nyuma ya pikipiki, akashuka nayo kupitia msitu, madaraja ya magogo na matope yasiyo na jina, hadi Shasha. Aliishusha kwa mikono yake mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

"Nyumba yangu inaweza kulala giza," akasema, akimwambia Solange lakini kwa sauti ya kufika kote. "Bato ya batoto yangu haiwezi kugonga-gonga sawa kipofu."

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Théogène aliisukuma pikipiki yake nyuma ya nyumba kimya kimya, akaiingiza batri yake jikoni kwa mlango wa uani, akaifunika na magunia. Halafu akaja mbele kusalimia, kichwa chini, mikono miwili. Hapo ndipo alipokosea, na mambo yote yaliyofuata yalizaliwa pale.

Kwa watu wa Solange, na kwa watu wa Théogène pia hawapishani sana, mwanamume hamrushii baba mkwe maneno usoni. Hamwiti jina lake, hata kama jina hilo ni la mtakatifu. Hali naye sahani moja. Kukiwa na neno, linapitia kwa mke, ao kwa mzee mwingine anayejua kulibeba lisimwagike. Na zawadi ya baba mkwe? Kuikataa ni kama kumwambia aje amchukue binti yake. Théogène aliyajua haya kama anavyojua jina lake, na kwa miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumwambia mzee yule neno moja la ana kwa ana zaidi ya salamu.

Akapitia kwa mke. Alimkuta Solange jikoni anasonga ugali, mtoto mgongoni, akamweleza kwa kunong'ona: mwambie papa batri yake ni nzuri sana, ila ni ya taa, inatoa moto wake polepole, kwa muda mrefu, na moteri ya pua haitaki polepole. Solange akafuta mikono, akaenda. Théogène akatega sikio ukutani.

"Papa," alimsikia mke wake akisema, "Théogène anasema batri yako inatoa moto pole pole na inadumu sana."

Mzee akacheka kwa raha, akasema ndivyo ilivyo, haina haraka, ina adabu. Théogène alijipiga paji la uso kwa kiganja.

Akajaribu tena. Mwambie papa ninaona huruma, kanisa litakaa bila taa. Jibu likarudi: kanisa lina mishumaa, Mungu alisikia watu kabla ya batri. Akaenda kwa mzee Albert, jirani, shemasi, mtu wa maneno ya busara, akamweleza jambo lote tangu kichwa hadi mkia, akamwomba aende alibebe. Albert akaenda. Akala, akanywa, akazungumza na mzee habari za mitego ya zamani mpaka jua likashuka, akarudi akisema bokilo yako, huyu baba mkwe, ni mtu wa ajabu, na ile batri, kusema kweli, ni nzito mno kuwa mbaya. Théogène alimshukuru. Angefanyaje?

Jikoni aligombana na mke wake kwa sauti ya chini, ule ugomvi wa watu wenye mgeni, unaoumiza koo.

"Uende weye mwenyewe," Solange akasema.

"Unajua siwezi."

"Basi unyamaze." Kisha akageuka, macho yamelowa, na haikuwa moshi. "Toka mama afe, sijaona papa yangu anafurahi hivi. Anaamuka asubui anaenda kupanguza ile batri. Mimi njo nitamuvunja roho? Weye njo utamuvunja?"

Théogène aliangalia magunia. Yalikuwa yamekaa tu pale, yanamwangalia.

Siku ya kujaribu, mashua ilivutwa hadi mchangani, pua nje ya maji. Mzee mwenyewe alikaza nyaya. Théogène akabonyeza kitufe, na lile pangaboi dogo, lisilo na maji ya kusukuma, likazunguka, ziii, kama mashine ya kushonea. Watu wakapiga makofi. Mzee Symphorien alicheza hatua mbili za ngoma ya Kinyanga pale pale mchangani, akamshika Albert mabega, akacheka meno yote nje. Na Théogène akajilazimisha kutabasamu, ndani akisema: hewani hata mbuzi angelizungusha. Maji ndiyo yatakayouliza maswali.

Alifikiri kuzibadilisha kwa siri. Atoe ile, aweke yake, afunike, nani atajua? Lakini mzee alihamia kwenye mashua na mkeka wake. Alisema msituni mtu haachi mtego bila macho, na kitu cha thamani hakiachwi ukingoni mwa ziwa. Mchana alikaa juu ya sanduku la batri. Alikula pale, alisali pale. Kila Théogène alipopita na bisibisi mkononi, mzee alimtikisia kichwa kwa upendo, naye akajifanya amekuja kukaza skrubu nyingine. Alikaza skrubu zote za mashua ile. Hata zile zilizokazwa na kiwanda.

Siku ya soko la Goma ikafika, na akina mama walikuwa na mizigo yao, na Mama Adelaïde mwenyewe akapanda. Asubuhi ziwa limetulia, walitoka bila tabu. Goma walishusha, walipakia. Njia nzima ya kurudi Théogène alikuwa akiangalia upande wa upepo. Maji yalianza kukunjamana walipokuwa bado mbali. Angeweza kumwambia Mama Adelaïde, mama, leo tushukie kwenye mawe, moteri si nzuri. Alifungua mdomo mara moja. Lakini mzee alikuwa ameketi pale mbele, juu ya sanduku lake, akiwaeleza akina mama jinsi batri ile ilivyowahi kuwasha sikukuu ya Noeli kuanzia jioni hadi misa ya asubuhi. Mdomo ukajifunga. Akaenda kwenye ponto.

Ponto ilikuwa imejaa watu: waliokuja kupokea mizigo, wazee wa kijiji, wavuvi, na Solange na mtoto wake mgongoni. Upepo ulikuwa ubavuni. Théogène alipunguza injini, akasubiri hadi pua ikaanza kupotoka, akabonyeza kushoto.

Pua ilisogea kidogo. Kidogo tu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Halafu kutoka ndani ya sanduku, chini ya makalio ya mzee, ikaja sauti: ta-ta-ta-ta-ta. Taa ya usukani ikafifia ikawa nyekundu kama kaa la jiko. Aliachia, akabonyeza tena. Ta-ta-ta. Batri yenye nguvu ya kuwasha Noeli nzima haikuweza kutoa ile nyingi ya mara moja. Akarudisha injini nyuma kwa nguvu zote, na mkia ukatii, lakini mbele ilikuwa ya upepo sasa, na upepo uliipeleka pale pale.

Mzee Symphorien aliiona ponto inakuja. Si mwoga yule. Kwenye mito ya Walikale, mtumbwi ukielekea jabali, mtu wa mbele hutoa mguu akasukuma, na mambo yakaisha. Akasimama, akashika ukingo, akatoa mguu nje. Mbele ya mashua ya chuma iliyojaa magunia ya foufou, anatoa mguu!

"Papa!" Théogène alipiga kelele. "Papa! Papa!"

Kila mzee aliyekuwa pale Shasha akainua kichwa. Albert aliinua. Wavuvi waliinua. Symphorien hakuinua, kwa maana mdomo ule haukuwahi kumwita hata siku moja, na hakudhani kwamba papa huyo ni yeye. Mguu ulibaki pale, umenyooka, unangoja.

"Symphorien! Toa muguu!"

Mguu ukarudi ndani kama umeungua. Mashua ikapiga. Miti ya mbele ya ponto ililia, ikalala, mbao zikafuata, na beseni la samaki wakavu la mama mmoja likaenda majini. Watu walikimbilia nyuma, wakashikana. Hakuna aliyeumia. Hata ngozi haikuchubuka.

Halafu kimya. Na kimya kile, sikiliza vizuri, hakikuwa cha ponto. Solange alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Albert alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mama Adelaïde alishuka wa kwanza. Aliingia majini na viatu, maji yakamfika kiunoni, akashika mti mmoja uliovunjika, akaugeuza, akauacha uelee.

"Sina maneno mingine," akasema. "Nilisha sema."

Akina mama wakashuka mmoja mmoja, magunia kichwani, maji kiunoni, na kila aliyepita alimwambia Théogène lake. Yeye alisimama kwenye usukani na kidole chake bado kiko juu ya kitufe. Alitamani mtu amtukane sana, amalize, lakini walikuwa wakimtukana kidogo kidogo.

Mzee alipanda nyumbani. Théogène na Solange walimfuata kwa mbali, kama watu wanaofuata jeneza. Walimkuta anakusanya mkeka wake. Alimwambia Solange, bila kumtazama, kwamba kesho anarudi Pinga, na kwamba anahitaji magunia ya kufungia batri yake isipigwe na mvua. Kabla Solange hajafungua mdomo, alikuwa ameinama na kuingia jikoni mwenyewe. Aliyaona magunia nyuma ya masufuria. Akavuta moja. Akavuta la pili.

Alipoita, aliita kwa sauti ndogo. Théogène akaingia, Solange nyuma yake.

"Hii ni ya nani?"

Théogène, kwa mazoea, akamwangalia Solange.

"Usimuangalie yeye. Umeniita jina mbele ya Shasha nzima, sasa mudomo yako inanijua. Hii ni ya nani?"

"Ni yangu, papa."

"Toka lini?"

"Toka siku ile ulifika."

Mzee aliketi juu ya kinu kilicholazwa. Aliiangalia batri ile nyeusi, safi, isiyotumika, na uso wake ulizeeka pale pale mbele yao.

"Yangu iko mubaya?"

"Hapana, papa. Si mubaya. Iko ya kazi ingine." Maneno yalikuwa yamekaa kooni siku nyingi, yakatoka yenyewe. "Yako iko sawa bidoni kubwa. Maji ni mingi ndani, lakini mudomo ni mudogo. Unaweka pale, inatoa kidogo kidogo, usiku muzima, haiishi. Hii yangu ni ndoo. Maji si mingi, lakini mudomo iko wazi. Nyumba ikiungua, unabeba nini?"

"Ndoo," mzee akasema.

"Moteri ya pua, kila mara nyumba inaungua."

Mzee alitikisa kichwa polepole.

"Maneno ile ni mafupi," akasema mwishowe. "Nilifikiri ni maneno murefu, juu wote mulikuwa munazunguka. Solange alizunguka, Albert alizunguka, akala na kuku. Kumbe ni ndoo na bidoni."

"Ilikuwa heshima, papa."

"Heshima?" Hapo ndipo sauti yake ilipovunjika. "Mutoto njo anafichwa kitu. Mulevi njo anafichwa kitu. Mimi nilifanya nini? Nimezima kanisa, Théogène. Bantu yangu banasali mu giza juu ya adabu yako."

Wazee walisema mficha maradhi, kilio kitamuumbua; lakini wao walikuwa wanasema juu ya mgonjwa, na huyu alificha dawa. Théogène alichukua magunia, akayakunja vizuri, akayaweka chini. Alikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze hakujua ampe nani.

Kesho yake mzee hakuondoka. Batri ya sola ndiyo iliyoondoka, imefungwa magunia, kwa dereva wa pikipiki mtu wa Pinga, na salamu kwa kanisa. Ile ya jikoni Symphorien aliibeba mwenyewe hadi ziwani, kamba kwenye paji la uso kama wabeba mizigo wa milimani, akaishusha mahali pake, akasimama pembeni na kusema ifungwe. Théogène akafunga waya mnene, mfupi. Wakatoka kidogo majini, kwenye upepo ule ule wa alasiri. Akabonyeza.

Pua iligeuka. Si kwa kuombwa. Iligeuka kama kichwa cha mtu aliyeitwa. Kulia, ikaenda kulia. Kushoto, kushoto. Upepo ulipiga kofi lake puani na pua ikalirudisha. Théogène aliigeuza tena na tena, mpaka machozi yakamtoka, maana ilikuwa inatii kila kitu alichokuwa ameahidi, na mbele yake hapakuwa na ponto ya kuiendea. Palikuwa na miti miwili iliyobaki, imeinama, na akina mama wanapita ndani ya maji wakienda kwenye mitumbwi.

Mama Adelaïde aliulizwa. Alisema ponto kwanza, maneno baadaye, na hakuahidi kitu. Basi mzee akaingia kwenye miti ya mikaratusi na panga, kwa maana mtu wa msituni anajua mti utakaokaa majini na ule utakaooza, na asubuhi iliyofuata alikuwa amesimama ziwani, maji kifuani, anashika nguzo wima, huku Théogène akiisukuma pua ya mashua taratibu hadi chuma kikaegemea nguzo na kuizuia isiyumbe. Kubonyeza kidogo, kupumzika. Kubonyeza kidogo. Wazee wengine walikuwa wamekuja kutazama, wameketi kwenye mawe, Albert kati yao. Mama Adelaïde alisimama ukingoni, juu yao kidogo, mikono kifuani.

"Kushoto kidogo," mzee akaita, nyundo juu.

"Ndiyo, papa."

Nyundo haikushuka. Symphorien aligeuza kichwa, maji yanamdondoka kidevuni, akawaangalia wazee wa kwenye mawe, halafu akamwangalia mkwe wake.

"Papa gani? Hapa tuko bapapa mingi."

Solange alikuwa ukingoni anasikia, na Shasha yote ilikuwa inasikia.

"Ndiyo, Symphorien," akasema, akabonyeza kushoto.